Kumshusha Kijana Garini Tabora

Kijana wa miaka kumi na mitano akiamua kutoshuka garini, hashuki. Umbembeleze, umwahidi chipsi mayai, umtishe kwa baba yake, atakaa palepale kiti cha nyuma na vile vitu vyake masikioni, anakutazama kama anavyomtazama ng'ombe anayevuka barabara. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nyie mnaoanza kazi hii mnadhani shida ni matairi. Wala! Matairi yana dawa.

Mimi ni Maganga, Mnyamwezi wa hapa Shanwe, Mpanda mjini. Wengi wananijua kwa ile Noah yangu ya kijivu. Kwa miaka mingi nilichukua familia za Mpanda wakati wa likizo nikazipeleka Tabora kuona mji wa kale: boma la Mjerumani, ambalo tunalitazama kwa nje maana ndani kuna wenyewe, stesheni ya zamani, halafu Kwihara, kwenye lile tembe ambamo misafara ya kwenda pwani ilikuwa inapumzika. Dereva mimi, mwongozaji mimi, wa kutafuta choo mimi. Sasa magoti yamekataa, gari anaendesha mpwa wangu, na kila likizo mnanijia hapa barazani mnauliza, "Babu, hawa watoto wa siku hizi unawafanyaje?" Wazazi hawana shida. Mzazi akishalipa nauli atasikiliza hata historia ya jiwe. Shida ni hawa wenye ndevu tatu na mabinti wanaosikia haya kuonekana wakitembea na baba yao.

Nilipoanza nilikuwa na mdomo, hakuna mfano. Nilisimama mbele ya tembe nikamwaga kila kitu: pembe za ndovu, nguo za merikani, shanga, chumvi, nani alipigana na nani. Nilijiona profesa. Siku moja kijana mmoja akanyoosha mkono, nikafurahi, nikasema eeh, leo nimempata. Akauliza, "Babu, hapa kuna sehemu ya kuchaji simu?" Mwenzake alikuwa amelala wima, mgongo ukutani. Nilikasirika, nikanuna mpaka Sikonge.

Aliyenitoa ujinga ni Mama Nyamizi. Huyu alikuwa mama mtu mzima wa Kwihara aliyekuwa akiwapikia wageni wangu, kuku wa kienyeji, mlenda na ugali wa muhogo. Alikuwa ananisikiliza kutoka jikoni kwake kila safari, kumbe anajizuia kucheka. Siku ile ya chaji akaniita pembeni.

"Maganga, unamwagia maji chungu chenye kifuniko."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Hao waliokuwa wanapita hapa walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanasoma magazeti? Si walikuwa wanabeba? Basi mpe mtoto abebe."

Akachukua kipande cha kanga kuukuu, akakizungusha kikawa kata, ile ya kuweka kichwani chini ya mzigo, akanitupia. Tangu siku hiyo sikuhutubia tena. Nilijaza mchanga kwenye viroba, nikavifunga kamba vizuri, na nikawa nasimamisha gari mbali kabla ya kufika. Sheria moja tu: mzigo haugusi chini mpaka mlangoni. Anayeshindwa anaimbiwa.

Jamani, mtawaona! Kijana aliyekuwa hasemi anaanza kusema mwenyewe. "Babu, shingo!" "Babu, hawa watu walikuwa wanatembea hivi mpaka wapi?" Ukimwambia mpaka baharini, na anajua basi lenyewe kutoka hapa linachosha vipi, anakaa kimya. Kimya hicho mkiheshimu. Msikijaze maneno. Ananyamaza kwa sababu amekutana na watu.

Mengine ni madogo madogo, lakini yashikeni. Msimkalishe kijana nyuma ya baba yake, ataangalia kisogo na kukumbuka ugomvi wa nyumbani. Wape chakula kabla ya historia, kijana mwenye njaa haoni chochote cha kale. Msiulize kamwe "mmeelewa?" maana atasema ndiyo. Na simu msiwanyang'anye. Mmoja mpeni kazi ya kupiga picha, mwambieni picha za familia nzima ziko mikononi mwake, halafu mkae kando mwone atakavyowapanga wakubwa.

Na utani. Hii ndiyo silaha yangu kubwa, na hii ndiyo iliyotaka kunizika.

Mnajua wenyewe, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi. Mzaramo anaweza kuniita punda wa mizigo mbele ya wakwe zangu, nami nikamwambia yeye ngoma ikilia hata sufuria ikiungua haioni, na hakuna wa kununa. Kwa hiyo familia ikipanda garini, kitu cha kwanza naulizia makabila. Nikishapata mtani, safari imenyooka. Mtoto akimwona babu mzee anamchokoza mama yake na mama anacheka, anatoa kile kitu cha sikioni asikie ugomvi unakwendaje.

Basi likizo moja, si zamani sana, akanipigia simu baba mmoja muuza mabati hapa mjini. Tumwite Baba Rehema. Alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, mke wake Mzaramo wa Kisarawe, na hilo nililisikia kitambo. Mke nilikuwa sijawahi kumwona. Alfajiri nikawachukua: baba, binti yake Rehema wa kidato cha pili, na mdogo wake Idrisa. Binti aliniamkia vizuri, "Shikamoo babu," akaenda nyuma kabisa, akaegemea kioo. Tukatoka. Tulipovuka mto Koga gari zima lilikuwa halijasema neno. Nikasema hapana, hapa lazima nichokoze. Nikamtazama binti kwenye kioo.

"Mjukuu wangu, kwa baba wewe ni damu yangu, lakini kwa mama nina haki na wewe. Mtani wangu yuko wapi leo? Mzaramo kasikia Tabora kuna jembe, kajifunika shuka?"

Idrisa akaacha kutafuna karanga. Rehema hakugeuka. Baba yake akasema taratibu, macho yakiwa barabarani:

"Mzee Maganga, mama Rehema hatunaye. Tulimzika mvua zilipokuwa zinaisha."

Loo! Niliomba msamaha sijui mara ngapi, nikaharibu zaidi. Nilikuwa nimetania maiti mbele ya mtoto wake.

Ipole nikasimamisha gari wanunue asali. Watoto wakabaki ndani. Baba Rehema akanifuata nyuma ya gari, nikadhani anakuja kunisema. Kumbe alikuwa na lake.

"Mzee, wewe usijisumbue, hukujua. Mimi ndiye nimekwama. Rehema hanisemeshi tangu siku ya mazishi. Simaanishi ananijibu vibaya. Hanisemeshi kabisa. Alikuwa bweni, akafika siku ileile ya kuzika, na tangu hapo mimi na yeye tunaongea kupitia kwa Idrisa."

"Umemkosea nini?"

"Ningejua ningekuwa nimeshapiga magoti. Ameomba ahamie Kisarawe kwa mama yake mdogo. Shule zikifunguliwa anaondoka, na amesema huku harudi. Mdogo wake mwenyewe kaanza kulia usiku. Nimeona niwatoe kidogo, labda akiona mambo mengine, labda..."

Akalipia asali, tukaondoka. Nawaambia ukweli, vijana, nimeendesha gari nikiwa na malaria, lakini safari ile ya kutoka Ipole mpaka Tabora ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Kwihara nikasimama mahali pangu pa kawaida, nikashusha viroba. Idrisa akachukua chake mbio, akaanza kuyumba nacho. Baba akajitwika. Rehema akabaki garini, mlango wazi, jua linampiga. Baba yake akamwita mara moja, akaacha. Nikamwendea mimi.

"Mjukuu, pole. Mdomo wangu uliniponza."

Akageuzia uso kioo cha upande wa pili.

"Sawa. Kaa. Cha kwako nitabeba mimi."

Sikuwa na hila yoyote, msinisifu. Nilikuwa nimeishiwa tu. Nikaweka kata kichwani, nikanyanyua kiroba, magoti yakalia kwa sauti, nikaenda upande kama mlevi wa pombe ya mtama. Nikasikia nyuma yangu, "Babu! Utaanguka!" Kisha viatu chini. Akanipokonya ule mzigo, akajitwika mwenyewe, akatangulia bila kunitazama.

Alibeba njia nzima. Idrisa alishusha chake tukamwimbia, baba alibadilisha bega, yule binti alikwenda tu, shingo imenyooka, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Nilimwambia pumzika, akatikisa mkono. Mlangoni akashusha mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti chini ya ule mlango mkubwa wa mbao zilizochongwa, akawa anahema. Nikanyamaza kama nilivyofundishwa. Hatimaye akasema:

"Hao wapagazi walikuwa wanapeleka wapi mizigo?"

"Pwani. Wengine Bagamoyo, wengine wakikatiza Uzaramo. Kwa kina mama yako."

"Kwa miguu?"

"Hiyohiyo."

"Na anayekufa njiani?"

Swali hilo nilikuwa na jibu lake la kuchekesha, nililokuwa nawapa wageni wote. Siku ile sikulitoa.

"Wazee walinisimulia hivi, mjukuu. Mnyamwezi akifia Uzaramo, pale hana mama, hana kaka, na msafara haumsubiri mtu. Nani atamchimbia kaburi? Alichimba Mzaramo. Hawajuani, lugha haziingiliani, na akamzika kama wake. Ndipo wakaanza kuitana watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa sababu ukifia mbali na kwenu, yeye ndiye atakayekubeba."

Akajifuta jasho la shingoni.

"Na Mzaramo akifia huku?"

"Tunamzika sisi. Kwa utani."

"Kwa utani kivipi?"

Hapo nikashangaa kidogo, maana sikuwahi kudhani kuna mtu wa kuelezwa jambo hilo. Nikamweleza. Nikamwambia watani wanavaa nguo za marehemu, wanatembea kama yeye, wanaiga sauti yake. Wanaziba mlango jeneza lisitoke mpaka wapewe kuku. Wanawachokoza wafiwa mpaka wacheke, kwa sababu mtu aliyezama kwenye msiba lazima avutwe na wa nje. Nikamwambia marehemu asiyetaniwa ndiye wa kuhurumiwa, kwa kuwa amekufa ugenini kweli.

Nilipokuwa nasema niliona uso wake unabadilika. Akamgeukia baba yake. Baba alikuwa amesimama hatua chache, kiroba bado begani, kasahau kukishusha.

"Yule mama aliyevaa kanga ya mama," akasema.

Ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia baba yake tangu mazishi.

"Mama Kulwa. Jirani yetu, Mnyamwezi wa Urambo."

"Nilikuwa ndiyo nashuka kwenye bajaji. Namwona mtu kavaa kanga ya mama, anatembea kama mama, anasema, 'Baba Rehema, chai inapoa.' Watu wanacheka. Na wewe unacheka, baba! Mama yuko kwenye jeneza, wewe unacheka!"

Alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka paani. Idrisa akanishika shati. Baba Rehema akashusha kiroba, akakaa chini kwenye vumbi, mwanaume mzima na suruali yake ya kitambaa.

"Nilicheka, mwanangu. Nilikuwa sijala, sijalala, nilikuwa nasubiri wanizike naye. Mama Kulwa aliposema chai inapoa nilimsikia mama yako kabisa. Nikacheka. Kile kicheko ndicho kilichoninyanyua nikaweza kulibeba jeneza. Bila yule mama nisingefika makaburini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Haya basi, vijana. Ndiyo makosa yetu sisi wakubwa. Tunawapeleka bweni, tunawalipia tyusheni, tunawanunulia simu, halafu tunadhani mambo yetu wanayapata kwenye maziwa ya mama. Mtoto alikuwa ameona heshima kubwa kuliko zote tunazompa maiti, akaiona ni dhihaka. Miezi yote hiyo amekaa na picha ya baba anayecheka. Mimi ningekuwa yeye ningehamia Kisarawe kwa miguu.

Rehema alilia. Idrisa alinieleza baadaye kwamba dada yake hakuwa amelia hata siku ya mazishi. Alilia akiwa pale kwenye kizingiti, baba yake akasogea kwa magoti, akamshika miguu, na safari hii binti hakuivuta. Mama Nyamizi alitoka na mkeka, akauweka karibu yao, akarudi jikoni.

Nami nilisimama nautazama ule mlango. Nimeupita mara zisizohesabika, nikiwasimulia watu habari za utani kama kichekesho cha kushushia ugali. Siku ile niliugusa kwa kiganja. Walikuwepo watu hapa, wabeba mizigo, hakuna anayejua majina yao, makaburi yao hayaonekani. Wakiwa huko njiani na kiu na vidonda, wakapatana na wageni: ukifa nitakuzika, nikifa utanizika, na tutaifanya kwa kicheko ili anayebaki asife naye. Hawakuandikiana. Hakuna serikali iliyosimamia. Na patano hilo limepita vita, limepita Mjerumani na Mwingereza, limepita reli na lami na simu, likamfikia muuza mabati wa Mpanda siku aliyotaka kufa, likamsimamisha. Mungu mkubwa! Nilivua kofia, na sikuwa nimeivua pale tangu nianze kazi.

Baadaye tulikula. Rehema alikula sana. Akanawa mikono, akanitazama, macho mekundu bado.

"Babu, wewe Mnyamwezi kweli?"

"Kabisa, damu."

"Na mama yangu alikuwa mtani wako."

"Alikuwa."

"Mbona hukuja kumzika?"

"Sikupata habari, mjukuu."

"Mpagazi gani anapitwa na habari?" Mdomo ukaanza kumcheza. "Beba viroba vyote urudishe garini. Na Mpanda tukifika, kuku."

Baba yake akacheka. Alimtazama kwanza binti kama anaomba ruhusa, halafu akacheka. Nikabeba. Idrisa alinipiga picha, ipo mpaka leo kwenye simu za watu, mzee wa heshima zake anahema kama beberu.

Kesho yake tuliporudi Mpanda hatukwenda nyumbani kwao. Tulipitia sokoni, nikanunua jogoo, tukaenda makaburini moja kwa moja. Wakaomba dua, nami nikainua mikono pamoja nao. Walipomaliza nikasogea upande wa miguuni, jogoo kwapani, nikamwambia marehemu yaliyo haki yangu: kwamba ameona muhogo wa Kinyamwezi mgumu akaamua kulala, kwamba amemwachia Mnyamwezi mwenzangu jiko wakati hata chai anaiunguza. Idrisa akaguna kwa kicheko. Rehema alikuwa anafuta machozi na kucheka kwa wakati mmoja, amejishikiza kwenye mkono wa baba yake.

Simu ya baba ikalia. Alikuwa mama mdogo wa Kisarawe, anauliza tiketi ya mtoto wamekata ya lini. Baba Rehema akamtazama binti. Rehema akamchukulia simu mkononi.

"Shikamoo mama mdogo. Hatujakata... Hapana, niko salama. Niko hapa kwa mama, na baba, na babu mmoja mtani anamsumbua mama kaburini... Nitakuja kuwasalimu likizo ya mwezi wa kumi na mbili, halafu narudi." Akasikiliza kidogo, akainama, akaondoa jani kavu juu ya udongo. "Mama yuko na watu wake huku, mama mdogo. Sasa mimi nimwache niende wapi?"